Bi Upumbavu mimbarini: namna ya kumsoma Erasmus

*Swali: "Nafundisha fasihi sekondari. Kikundi chetu cha usomaji kimechagua Sifa za Upumbavu ya Erasmus. Tunaisoma kwa Kiingereza, kisha mimi nawafafanulia wenzangu kwa Kiswahili. Kurasa za mwanzo tulicheka. Katikati kicheko kikakauka, maana ni mashambulizi tu kwa wanateolojia, watawa na mapapa. Mwishoni mpumbavu yuleyule anahubiri kama mtume. Wenzangu wamegawanyika: wapo wanaosema Erasmus anausifu upumbavu kwa dhati, na wapo wanaosema kila sentensi igeuzwe kinyume. Nani yuko sahihi? Na tukisomeje kitabu hiki kisitushinde?"*

Mwalimu, pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: zinatafuta ufunguo mmoja wa kufungulia milango yote. Anayegeuza kila sentensi kinyume atafika sura za mwisho akajikuta anamgeuza kinyume Mtume Paulo. Anayeamini kila sentensi itambidi akubali kwamba Erasmus, mtu aliyemaliza macho yake kwa kusahihisha matini za kale, alitamani watu wasisome. Humo ndani mna msemaji mmoja aliyevaa kinyago, na kinyago hicho hakikai usoni kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna mahali kimekaza, kuna mahali kimelegea, na kuna kurasa chache ambapo kimeanguka sakafuni na mwenyewe hajishughulishi kukiokota. Msomaji kazi yake ni kuona ni wapi.

Nianze na kilikotoka kitabu, maana nusu ya utani imefichwa hapo. Erasmus wa Rotterdam, padri na msomi Mholanzi, alikaa Italia kuanzia 1506 hadi 1509. Novemba 1506 alikuwa Bologna Papa Julius II alipoingia mjini kwa gwaride la ushindi, baada ya kuutwaa mji huo kwa jeshi. Lishike tukio hilo, tutalirudia. Mwaka 1508 akawa Venice kwa mchapaji Aldus Manutius, akitoa toleo kubwa la Adagia, mkusanyiko wake wa methali na misemo ya Kigiriki na Kilatini zaidi ya 3,000. Mwaka 1509 Henry VIII akashika kiti cha ufalme Uingereza, marafiki wakamwita Erasmus, naye akavuka milima ya Alps akiwa juu ya farasi. Katika barua ya tabaruku anasema hakutaka muda wa safari upotee kwa soga, akawa anawawaza marafiki zake wa Uingereza, na wa kwanza wao Thomas More, mwanasheria na mwandishi. Jina la More likamkumbusha neno la Kigiriki *moria*, yaani upumbavu. Alipofika London akafikia nyumbani kwa More. Figo zilikuwa zinamsumbua na vitabu vyake vilikuwa bado njiani, akaandika kwa takriban siku 7. Kitabu kikachapwa Paris mwaka 1511.

Kwa hiyo hata jina la kitabu, *Moriae Encomium*, ni utani wa rafiki kwa rafiki. Laweza kusomwa "Sifa za Upumbavu" au "Sifa za More". Kiswahili nacho kimeongeza utani ambao Erasmus hakuwahi kuuota. Neno *sifa* kwetu ni kule kusifiwa, ni tabia za kitu, na ni ule ugonjwa wa mtu anayependa sifa. Maana zote 3 zimo kitabuni. Na ukisema "sifa za Upumbavu" hujasema bado nani anamsifu nani, wakati kisa kizima kimejengwa juu ya hapo: Upumbavu ndiye anayesifu, na anayesifiwa ni yeye mwenyewe.

Sasa jambo ambalo tafsiri ya mdomo itawapotezea msipoangalia. Katika Kigiriki na Kilatini nomino hiyo ni ya jinsi ya kike, hivyo Upumbavu ni mwanamke. Kiswahili hakina jinsi ya namna hiyo, na ukisema "Upumbavu anasema" wenzako wataona kiumbe kisicho na sura. Mwite Bi Upumbavu. Anapanda kwenye mimbari ya wasomi, mahali ambapo enzi hizo palikuwa pa wanaume, anawahutubia kama daktari wa chuo kikuu, na haombi radhi. Karibu na mwisho atawakumbusha methali ya Kigiriki isemayo kwamba mara nyingi hata mwanamume mpumbavu husema neno la maana, kisha ataongeza: isipokuwa kama mnadhani methali hiyo haiwahusu wanawake. Bila "Bi", mchomo huo haumfikii mtu.

Kuhusu utanzu, msihangaike sana. Msomaji wetu anayajua majigambo, na hotuba hii ni majigambo yaliyopangwa kwa ratiba ya darasa la balagha, yaani sanaa ya kuhutubia. Kijana aliyesomea balagha alifundishwa kwamba ukimsifu mtu unaanza na asili yake, wazazi wake, waliomlea, masahaba wake, uwezo wake, kisha faida anazowapa wengine. Bi Upumbavu anafuata ratiba hiyo hatua kwa hatua. Baba yake ni Plutus, mungu wa mali. Mama yake ni Ujana. Amezaliwa Visiwa vya Heri, ambako vitu huota bila kulimwa. Walezi waliomnyonyesha ni wawili, Ulevi na Ujinga. Hapo simameni kidogo. Ujinga si Upumbavu. Ujinga ni yaya wake. Kiswahili chetu kinaitambua tofauti hiyo vizuri: mjinga hajui na anaweza kufundishwa, mpumbavu anajua na bado anafanya. Baada ya walezi wanakuja masahaba: Kujipenda, ambaye kwa Kigiriki ni Philautia, kisha Kujipendekeza, Usahaulifu, Uvivu, Anasa na wengineo. Philautia mwekeeni alama kwa kalamu, kwa sababu ndiye anayebaki kazini kitabu kizima. Mfanyabiashara, mshairi, mwanasheria, mtawa, mfalme, kila atakayepita mbele yenu baadaye anaringia kitu, na nyuma ya mringo kuna Philautia.

Katika aya ya kwanza kuna mtego mdogo ambao wasomaji wengi huupita. Bi Upumbavu anawaambia wasikilizaji wampe masikio, lakini si yale wanayowapa wahubiri. Anataka yale wanayowategea wachekeshaji wa sokoni, masikio kama yale ambayo Midas wetu alimtegea zamani Pan, mungu wa wachungaji. Midas ni yule mfalme aliyeota masikio ya punda kwa kuupenda muziki wa Pan kuliko wa Apollo. Kwa maneno mengine, kabla hotuba haijaanza msikilizaji ameshavishwa masikio ya punda, na amekubali kwa sababu alikuwa anacheka. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya Erasmus na Sebastian Brant, aliyetoa Meli ya Wapumbavu huko Basel mwaka 1494. Brant anasimama gatini akiwahesabu wapumbavu wanavyopanda chomboni, mmoja mmoja, kila mmoja na picha yake. Kwa Erasmus hakuna gati. Anayesema ni mpumbavu na anayesikia ni mpumbavu, na hakuna mahali pakavu pa kusimama mtu akawacheka wenzake.

Kinyago kinafanyaje kazi kinapokuwa kimekaza? Sura ya 29 ndiyo ya kusomea hilo. (Mgawanyo wa sura 68 si wa Erasmus, uliingizwa na wahariri wa karne ya 18. Alichoandika yeye ni hotuba moja ndefu isiyokatika, kwa hiyo msishangae sura ikikatika katikati ya pumzi.) Bi Upumbavu anasema maisha ni mchezo wa jukwaani. Wachezaji wako kazini, kila mtu na kinyago chake. Mara anapanda mtu na kuanza kuwavua vinyago mbele ya watazamaji. Aliyekuwa mwanamke anaonekana mwanamume, kijana anaonekana mzee, mfalme anageuka mtumwa, na mungu anageuka kibwana kidogo tu. Je, mtu huyo hajauharibu mchezo wote? Hastahili kufukuzwa ukumbini kwa mawe?

Halafu anaendelea. Tuseme mwenye hekima ameshuka kutoka mbinguni. Anamwona mtu ambaye wote wanamwabudu kama bwana mkubwa, anapiga kelele: huyu hata si mtu, maana anaburutwa na tamaa zake kama mnyama, ni mtumwa wa mabwana wengi tena wabaya. Anamkuta mwingine akimlilia baba yake aliyefariki, anamwambia acheke, kwa sababu baba ndio kwanza ameanza kuishi. Anamkuta wa tatu anajivunia ukoo, anamwita mwanaharamu, kwa kuwa yuko mbali na wema, na wema ndio chimbuko pekee la uungwana. Bi Upumbavu anauliza: mtu huyo atapata nini zaidi ya kuonekana kichaa? Busara ya kweli ni kujifanya huoni na kukosea pamoja na watu.

Sasa mwalimu, uliza kikundi chako: yale matatu aliyoyasema mwenye hekima ni uongo? Si uongo hata moja. Ni mafundisho ambayo Erasmus mwenyewe angeyatia sahihi, nusu yametoka kwa Plato na nusu kwa Wakristo wa kale. Bi Upumbavu anasema yasisemwe, na kwa kusema yasisemwe ameyasema yote, hadharani, kwa urefu, na hakuna aliyemrushia jiwe kwa sababu yeye ni mpumbavu. Na kumbuka aliko: anayetuonya tusiwavue watu vinyago ndiye anayetumia sura 30 zinazofuata kuvivua. Huwezi kuigeuza sura hii kinyume ukapata ujumbe safi, maana hoja yake ina ukweli wake pia. Ni kweli jamii huendeshwa na kufumbiana macho, na ni kweli mtu anayeropoka ukweli kila saa huwa kero tu.

Huo ni upumbavu wa kwanza, ule wa ndoto tamu. Sura ya 45 ina kisa chake kizuri. Kuna mtu mwenye jina kama langu, anasema Bi Upumbavu (More huyo!), alimpa mkewe vito bandia akimhakikishia kuwa ni vya kweli na vya thamani isiyokadirika. Bibi akafurahi navyo na kuvificha kama hazina, na mume akaokoa fedha. Ana hasara gani? Sisi wa leo tunaweza kuguna, na tuna haki ya kuguna: aliyedanganywa ni mke, na anayesimulia kwa furaha amewekwa awe mwanamke. Kwenye kikundi chako swali hilo litazuka. Liacheni lizuke.

Upumbavu wa pili ni ule unaoumiza. Hapa panahitaji jicho kali, kwa sababu Bi Upumbavu mwenyewe ameweka mpaka halafu akausahau. Katika sura ya 38 anasema wazimu ni wa aina mbili. Mmoja hutoka kuzimu na huletwa na Furiae, wale mashetani wa kike wa kisasi katika hadithi za Kirumi. Huo ndio unaowasha mioyoni tamaa ya vita, kiu ya dhahabu isiyokatika, mauaji ya wazazi na maovu ya namna hiyo. Mwingine ni wake yeye, mtamu, unaomwondolea mtu mzigo wa mawazo. Anakana kabisa kuwa na udugu na ule wa kwanza.

Baada ya hapo msafara unaanza: wawindaji, wacheza kamari, wanaotafuta kugeuza madini kuwa dhahabu, watu wanaopima muda wa toharani kwa karne, miaka, miezi, siku na saa kama wanaosoma jedwali la hesabu. Wafanyabiashara wanapita haraka, walimu wa sarufi wanapigwa zaidi (utacheka, mwalimu, kwa uchungu kidogo), kisha wanateolojia na maswali yao: je, Mungu angeweza kulivaa umbile la mwanamke, la punda, la boga, la jiwe la gumegume? Na hilo boga lingehubirije? Watawa wanafuata, wakihesabu mafundo ya viatu na upana wa mishipi. Kama mmeona sehemu hii ni nzito na inarefuka kuliko inavyohitajika, hamjakosea. Toleo la 1514, lililochapwa Strasbourg, liliongezwa maandishi, na sehemu kubwa ya nyongeza iliwaangukia wanateolojia na watawa. Mnachokisoma ni matabaka mawili yaliyoshonwa pamoja, la mwaka 1511 ambalo ni jepesi na la baadaye ambalo lina hasira. Baadhi ya matoleo ya kisomi huonyesha nyongeza hizo kwa alama. Mkilipata la namna hiyo, litawaokoa na mabishano mengi.

Sura ya 59 ndipo kinyago kinapoanguka. Zamu ni ya mapapa wanaopigana vita. Tazama maneno: vita ni kitu cha kinyama kinachowafaa hayawani na si wanadamu, ni wazimu mtupu hata washairi wakabuni kwamba huletwa na Furiae, ni tauni ya maadili, hupiganwa vizuri zaidi na majambazi waovu kuliko wote, na havina uhusiano wowote na Kristo. Wazee waliokwisha wanaonyesha nguvu za vijana, hawachoki, hawaogopi kupindua sheria, dini na amani chini juu. Na wasomi wenye kujipendekeza hawakosekani, wa kuuita wazimu huo juhudi, uchamungu na ushujaa. Julius II hatajwi kwa jina. Kitabu kilipotoka alikuwa hai, tena vitani.

Mmeliona neno Furiae? Rudini sura ya 38. Kwa mgawanyo wake mwenyewe, vita si mali ya Bi Upumbavu, ni mali ya wale wengine. Hana haki ya kujisifia jambo hili, na kweli hajisifii; hamna mzaha hata mmoja katika sentensi hizo. Anayesema hapo ni mtu aliyesimama Bologna Novemba 1506. Muda mfupi baadaye Bi Upumbavu anashtuka na kusema si kusudi lake kuchunguza maisha ya mapapa na mapadri, asije akaonekana anafuma tashtiti badala ya kutoa sifa. Hiyo ni sauti ya mtu anayeinama kuokota kinyago chake.

Sura ya 61 hadi mwisho ndiko wasomaji wengi huanguka, ama kwa kuchoka ama kwa kudhani mwandishi amebadilisha mada. Hajabadilisha. Bi Upumbavu anaanza kutafuta ushahidi wake katika Biblia, na anaanza kwa kuchezea maandiko, sawasawa na wale aliokuwa akiwacheka. Wenzako wakifungua Biblia ya Kiswahili watakwama mara moja. Anataja Mhubiri sura ya 1, kwamba idadi ya wapumbavu haina mwisho, na Biblia yetu kwenye mstari wa 15 haisemi hivyo. Inasema yasiyokuwapo hayahesabiki. Sababu ni kwamba yeye anatumia Biblia ya Kilatini, Vulgata, na tafsiri zetu hazikupitia njia hiyo. Si kosa la uchapaji wala si uzushi wake.

Katika eneo hilo kuna kipande kimoja ninachokiona bora kuliko kitabu chote. Kumetokea mjadala wa kiteolojia. Mtu mmoja anauliza ni andiko gani linaloamuru wazushi wachomwe moto badala ya kushindwa kwa hoja. Mzee mmoja mwenye uso mkali anajibu kwa ghadhabu kwamba sheria hiyo imetolewa na Mtume Paulo, katika barua kwa Tito: *haereticum hominem devita*. Anaingurumisha maneno hayo mara kwa mara, watu wanajiuliza amepatwa na nini, hadi anapofafanua. *Devita* ni kitenzi kimoja, maana yake "mwepuke". Biblia yetu inasema "mkatae". Mzee amelikata vipande viwili, *de vita*, "kutoka katika uhai", akaongeza kichwani neno la kuondoa, ikawa: mzushi aondolewe uhai. Wapo waliocheka, anasema Bi Upumbavu, na wapo walioona ufafanuzi huo ni wa kiteolojia hasa. Angalia kilichofanyika: nafasi moja tupu ndani ya neno, na mtu anakwenda kuchomwa. Kwa Erasmus sarufi haikuwa jambo la kupendeza darasani tu. Miaka michache baadaye, 1516, alitoa Agano Jipya la Kigiriki pamoja na tafsiri yake ya Kilatini na maelezo marefu, na ukishakisoma kipande hiki unaelewa kwa nini aliona kazi ile haiwezi kungoja.

Kutoka hapo hotuba inateleza polepole kuelekea upumbavu wa tatu, na inateleza hasa, kwa sababu hakuna mahali utakapotia kidole useme mzaha umeishia hapa. Kristo alichagua kupanda punda wakati angeweza kupanda simba. Aliwaita wafuasi wake kondoo. Msalabani aliwaombea waliomuua kwa sababu moja tu, kwamba hawajui watendalo. Kisha Paulo: upumbavu wa Mungu una hekima zaidi ya wanadamu, na sisi tu wapumbavu kwa ajili ya Kristo. Mwishowe watu wanaopenda yasiyoonekana wanaonekana na umma kuwa vichaa, na umma unaonekana nao kuwa vichaa. Mbele yetu iko ile hoja ya sura ya 29 imerudi ikiwa imegeuzwa: mwenye hekima aliyeshuka kutoka mbinguni na kuonekana mwendawazimu sasa ndiye Mkristo mwenyewe. Kule alifukuzwa jukwaani. Huku anasifiwa.

Kwa hiyo jibu la swali la wenzako ni hili: neno ni moja, *stultitia* (upumbavu kwa Kilatini), lakini linabeba mizigo mitatu, yaani kujidanganya kunakorahisisha maisha, kujidanganya kunakoua, na kuacha hekima ya dunia kwa ajili ya Mungu. Erasmus anaucheka wa kwanza kwa upole, anauchukia wa pili, anauheshimu wa tatu, na amewapa wote mdomo mmoja. Ndiyo maana nakusihi, unapofafanua kwa Kiswahili, usibadilishe neno njiani. Kishawishi kitakuwa kuita wa kwanza "ujinga", wa pili "wazimu" na wa tatu "unyenyekevu". Ukifanya hivyo umewafafanulia vizuri sana na umekiua kitabu. Shikilia *upumbavu* mwanzo hadi mwisho. Biblia ya Kiswahili nayo imetumia "upumbavu" kwa Paulo, kwa hiyo wasikilizaji wako watausikia mwangwi wenyewe.

Kuhusu namna ya kusoma, gawanyeni vikao vitatu: barua kwa More hadi sura ya 37, kisha 38 hadi 60, kisha 61 hadi 68. Someni kwa sauti angalau nusu ya kila kikao, maana hii ni hotuba na mapigo yake yako katika kupumua. Pembeni mwa ukurasa kila mtu aweke herufi moja kila aya: K kinyago kikikaza, L kikilegea, H kisipokuwepo. Msilinganishe hadi mwisho wa kikao. Mahali ambapo herufi zenu zinagombana ndipo pa kujadili, penginepo piteni.

Majina ya miungu na Wagiriki yasiwasimamishe mara ya kwanza. Mwaka 1515, miaka 4 tu baada ya toleo la kwanza, Johann Froben wa Basel alikichapa kitabu pamoja na maelezo marefu ya Gerardus Listrius, kwa sababu hata wasomaji wa wakati ule walikwama. Nakala moja ya toleo hilo ilimilikiwa na mwalimu Oswald Myconius, na pembeni mwake Hans Holbein, kijana bado, pamoja na kaka yake Ambrosius walichora kwa kalamu picha 82. Bado ipo Basel. Tafuteni picha hizo mtandaoni mzitazame pamoja na maandishi. Ya Bi Upumbavu akiwa mimbarini na kofia ya kichekesho inaeleza utanzu haraka kuliko mimi.

Barua ya Erasmus kwa Martin Dorp ya mwaka 1515 isomeni mwisho, si mwanzo. Dorp, mwanateolojia wa Louvain, alimwandikia akilalamika kwamba kitabu kimewaudhi watu. Erasmus akajibu kwamba alitaka kuonya na si kung'ata, kusaidia na si kuumiza, na kwamba alichosema kwa mzaha humu ni kilekile alichokuwa amekisema bila mzaha katika kitabu chake cha ibada, Enchiridion, cha 1503. Ni utetezi mzuri ila ni utetezi. Ameandika mtu anayetaka kupoza moto. Ukianza nao utasoma kitabu kipole kuliko kilivyo.

Na kama kuna mmoja wenu anayesema Erasmus alikuwa Mprotestanti aliyejificha, mwambieni aangalie miaka. Mwaka 1524 aliandika kutetea hiari ya mwanadamu dhidi ya Luther, Luther akamjibu kwa ukali 1525, na Erasmus akafa Basel 1536 bila kuliacha kanisa lake, Katoliki. Kanisa hilo halikumshukuru: orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku ya Papa Paulo IV, 1559, ilivijumuisha vitabu vyake vyote.

Kikao cha pili mpe mtu mmoja sura ya 38 na mwingine sura ya 59, wazisome kwa sauti moja baada ya nyingine, bila wewe kusema lolote. Halafu uliza tu: hao Furiae tumekutana nao wapi?